Ngoro ya Mstari wa Nne

Kwa siku tisa nililala vibaya kwa sababu ya neno moja nililoliandika mwenyewe. Neno lenyewe ni "huenda". Limo katika ukurasa wa thelathini na moja wa ripoti yangu ya mwaka wa mwisho chuoni, kwenye sentensi ambayo siku hizi naiona hata nikifumba macho: "Shimo la tatu katika mstari wa nne ni dogo kuliko mengine, na kingo zake zimehifadhika kuliko zote, huenda kuna kitu kilichofukiwa."

Nilipoliandika nililiona kama ukuta wa kujificha. Anayesema huenda hajasema ndiyo, hajasema hapana, na hakuna wa kumshika uongo. Ndivyo ninavyoongea hata nyumbani. Mama akiniuliza kama maharage yameiva, najibu huenda, naye hunisogeza pembeni na kuonja mwenyewe. Sikujua kwamba watu wengine wakisoma sentensi kama ile, neno hilo hawalioni kabisa. Wanaona tu kwamba kuna kitu kilichofukiwa.

Sasa watu hao walikuwa wanakuja kukichimba. Na mtu pekee aliyejua kilichokuwa pale, kwa sababu alikiweka kwa mikono yake, alikuwa bibi yangu mzaa mama. Aliniambia, kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Nikisema, nimemsaliti. Nikinyamaza, wanachimba. Kila nilipolala niligeuza hayo mawili, hili juu lile chini, mpaka jogoo.

Niirudie safari ya kwanza.

Wenyeji wanaliita Ikulu, na hawacheki wanapolitaja. Ni jumba la matofali ya kuchoma alilojengewa chifu wa mwisho wa pale, juu ya msingi wa mawe unaosemekana uliachwa na Wajerumani. Lipo kwenye mgongo wa mlima, kupita Kingerikiti, mahali ardhi inapoanza kushuka kuelekea ziwani. Sisi kwetu ni karibu na Litembo, kwa hiyo kwenda huko ni safari ya nusu siku ukibadilisha bodaboda. Nilikwenda kama mwanafunzi wa akiolojia, nikiwa na futi ya kupimia, daftari, na barua ya chuo. Bibi aliomba twende wote.

"Na mimi nilifanya kazi pale," alisema. "Kazi ya bustani."

Kwetu bustani ni mboga. Ukisema una bustani, watu wanajua una mchicha na kabichi kando ya mto. Kwa hiyo miaka yote familia nzima tuliamini bibi alikuwa akilima kabichi za chifu. Siku ile ndipo nilipoona kwamba alikuwa anasema maua.

Nusu ya bati la Ikulu imeondoka. Milango ni kumi na mmoja, nilihesabu, na minne tu ndiyo inayofungika. Katika chumba kirefu alichokuwa anakaa chifu na wazee wake, mtunzaji wa jumba ameweka magunia yake ya mahindi. Lakini ukitoka nyuma unakuta ngazi za mawe, pana kama za kanisa, zinashuka zinashuka, halafu zinaishia kwenye majani. Waridi limepanda juu ya mparachichi na kuchanua humo humo, utadhani ni mparachichi uliochanua maua mekundu. Chini yake, kwenye mteremko, ndipo penye kitu kinachowashangaza wageni wote: ngoro zilizolimwa kwa ajili ya maua.

Ngoro ni ulimaji wetu Wamatengo. Milima yetu ni mikali, mvua ingebeba udongo wote ikaupeleka ziwani. Basi nyasi hukatwa zikalazwa chini kwa mistari ya miraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kurushwa juu ya nyasi. Katikati hubaki shimo linaloshika maji, pembeni hubaki kingo ambazo hupandwa. Kukata na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume. Kuchimba na kufunika ni kazi ya wanawake. Ukitazama mlima uliolimwa hivyo kwa mbali, unafanana na kitambaa kilichofumwa. Kila mtu hulima hivyo maharage na mahindi. Chifu yule aliamuru walime hivyo maua, mistari minane, mashimo sita kila mstari. Hakuna anayejua kwa nini.

"Kila mgeni anaulizia," mtunzaji aliniambia. Ni mtu wa makamo, mpole, ana tabia ya kuongea huku akichonga kitu. "Nikisema sijui, wanaondoka wamenuna. Nikisema kuna sanduku la rupia za Mjerumani, wanapiga picha mpaka simu zinazimika."

"Lakini lipo?"

"Dada, lingekuwepo mimi ningekuwa hapa nachonga mpini?"

Bibi hakushuka bustanini. Alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, akaweka fimbo magotini, akanitazama nikipima.

"Unapima nini huko, mke mwenza?" aliniita. Ndivyo anavyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Mashimo, bibi."

"Yanakukimbia?"

Nilicheka nikaendelea. Mashimo yote yalikuwa karibu sawa, hatua mbili za mwanaume kwa mbili, na kingo zimeliwa na mvua za miaka mingi. Nilipofika shimo la tatu la mstari wa nne nilisimama. Lilikuwa dogo. Kingo zake zilikuwa nene, kama kuna mtu amekuwa akizirudishia udongo. Nilipima mara tatu. Nilikuwa nachutama kupima mara ya nne, bibi akaita kwa sauti nyingine kabisa.

"Njoo twende. Mvua inakuja."

Hakukuwa na wingu hata moja. Ziwa lote lilionekana, mpaka milima ya ng'ambo. Nilidhani miguu inamuuma, nikakunja futi.

Niliandika kurasa tisa juu ya shimo hilo. Msimamizi wangu alizisifu, ila pale nilipoandika "mstari wa nne" alizungushia kalamu nyekundu na kuuliza pembeni: "Kutoka wapi? Juu au chini?" Nilikusudia kurekebisha. Nilifikiria sana kama nirekebishe hapo tu au kila mahali, na wakati nafikiria siku ya kukusanya ikapita. Nakala moja niliipeleka ofisi ya kijiji cha Ikulu, kama nilivyoahidi kwenye barua. Nikahitimu. Nikarudi nyumbani kungoja kazi, na huu ni mwaka wa pili nangoja.

Barua ya mtendaji wa kijiji ilinifikia Jumapili baada ya misa, imepigwa picha na kutumwa kwenye simu. Ilisema kuna wageni kutoka mjini wenye mashine ya kupimia vitu vya ardhini. Wameisoma ripoti yangu. Kijiji kimewapa kibali cha kuchimba shimo moja tu, kwa kuwa bustani ni urithi, siku ya Alhamisi ya wiki ya pili. Nami naombwa nifike kuonesha shimo husika, "kwa sababu ripoti haisemi kama mstari wa nne unahesabiwa kutoka juu au kutoka chini, na picha katika nakala yetu imetoka nyeusi."

Niliisoma kwa sauti jikoni. Nilikuwa najisikia fahari kidogo, niseme ukweli. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita mahali kwa sababu ya elimu yangu. Mama alikuwa hajarudi kutoka kanisani. Bibi alikuwa ameketi na ungo, anachambua mbegu za maharage.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Nani aliandika hayo, kwamba kuna kitu?"

"Mimi, bibi. Lakini sikusema kipo. Nilisema..." Tulikuwa tunaongea Kimatengo, na lile neno langu sikulipata haraka. Nikaliruka. Hata mimi, mbele ya bibi yangu, nililiruka.

Mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya ungo. Kisha akasukuma mlango kwa fimbo ukafungwa, akaniambia.

Alikuwa na mtoto kabla ya mama yangu na wajomba zangu. Hilo tulilijua. Tulijua alikuwa wa kike, alikufa hajafikisha miezi miwili, na kwamba amezikwa migombani nyuma ya nyumba, kwenye kituta kidogo chenye mawe. Kila Siku ya Marehemu tunasali pale. Mimi nimekuwa nikipalilia pale tangu nina miaka saba.

"Pale hamna mtu," bibi alisema.

Babu alikuwa amekwenda Tanga kwenye mashamba ya katani. Bibi alibaki Ikulu, anaishi kambini na wafanyakazi wengine, anamwagilia maua huku mtoto yuko mgongoni. Padri alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi, na ubatizo ulipangwa Jumapili iliyokuwa mbele. Siku ile, katikati ya wiki, mtoto alichemka. Bibi akamfungua, akamlaza kivulini kwenye mistari ya maua. Akamwona anahema kwa shida.

"Tulifundishwa kwenye katekisimu," aliniambia. "Mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Maji kidogo na yale maneno. Nilikuwa nayajua. Na kopo la maji nilikuwa nimelishika mkononi, unanielewa? Nilikuwa nalo mkononi."

"Ndiyo, bibi."

"Nikafikiri, labda hafi, amelala tu. Nikimbatiza halafu akapona, padri atauliza nani alinituma. Nikafikiri, maji haya yana samadi, nimeyachota kwa ajili ya maua, je yanafaa? Nikafikiri, baba yake hajatuma jina, nitamwita nani? Nilifikiri yote hayo." Alichukua punje moja ya maharage, akaitazama pande zote mbili. "Nilipomaliza kufikiri, alikuwa ameshakwenda."

Katekista hakuwa mtu mbaya. Alimweleza tu utaratibu alioujua yeye: asiyebatizwa hazikwi kwenye makaburi ya kanisa. Na ndani ya eneo la chifu halikuruhusiwa kaburi. Kesho yake alfajiri bibi alikata nyasi mwenyewe, akazilaza mwenyewe, kazi ambayo wanawake hawaifanyi, kwenye sehemu iliyokuwa haijalimwa bado. Alimweka mtoto chini ya ukingo wa juu, ndani ya kanga yake, akafunika kwa jembe. Aliipima ngoro ile kwa hatua zake, ndiyo maana ilikuwa ndogo. Msimamizi wa bustani alipopita aliona ngoro nyingine imekamilika, akasema vizuri, akaleta mayungiyungi yapandwe.

Babu aliporudi kutoka Tanga aliuliza mtoto yuko wapi. Bibi alishindwa kumwambia kwamba yuko kwenye maua ya mtu mwingine. Akamwonesha migombani. Babu akaenda mtoni akabeba mawe kwa mikono, akayapanga. Na alipozeeka akaomba jambo moja tu, azikwe pembeni ya mtoto wake. Tulimzika pale.

"Mama anajua?"

"Hajui. Na usimwambie. Babu yako alikufa anajua yuko karibu naye. Ukimwambia hata mtu mmoja, yale mawe yote..." Akanishika mkono. "Niapie."

Nikaapa. Kisha akaniambia ile ngoro alikuwa akienda kuirudishia udongo kila alipoweza, akisema nyumbani anakwenda kumwona ndugu yake Kingerikiti. Alikwenda mpaka magoti yalipokataa. Kingo zile nene nilizozipima mara tatu zilikuwa kazi ya mikono yake.

Baada ya hapo ndipo siku zangu tisa zilipoanza. Niliandika kwenye daftari mambo yote ninayoweza kufanya, nikayafuta, nikayaandika upya. Nisiende? Watalitafuta wao wenyewe, shimo dogo linaonekana kwa macho. Nimwambie padri? Huko ni kusema. Jumatano nilimpigia simu mtendaji.

"Mheshimiwa, nimegundua ripoti ina makosa."

"Makosa gani tena?"

"Huenda nilipima vibaya."

"Huenda!" Alicheka mpaka nikasogeza simu. "Dada msomi, usitubanie. Au umeshapata watu wako wa kuchimba nao? Sema tu, hatugombani."

"Hapana, mheshimiwa, mimi nilikuwa nafikiri..."

"Usifikiri. Alhamisi saa nne. Tutakupa na soda."

Jumatatu ya wiki ya pili nilikuta bibi amesimama mlangoni, ameshika fimbo. Akaniuliza kana kwamba anaulizia hali ya hewa:

"Wanachimba kwenda chini kiasi gani?"

"Sijui, bibi. Labda kiunoni."

Akaweka kiganja chake kiunoni mwake, akakitazama, akakishusha mpaka gotini, akatazama tena. Alikuwa anapima. Niliingia ndani nikafungua ripoti ukurasa wa thelathini na moja, ile nakala yenye kalamu nyekundu. Kutoka wapi? Juu au chini? Mistari ni minane. Wa nne kutoka juu ni ule wa mtoto. Wa nne kutoka chini ni mwingine, unaofuata chini yake. Nililitazama swali lile la msimamizi wangu kwa muda, kisha nikatoka nikamwambia bibi:

"Kesho twende. Tubebe mundu, jembe na mbegu."

Alikwenda kuchukua ungo.

Mama tulimwambia tunakwenda kumwona ndugu wa Kingerikiti. Bodaboda alitupakia wote wawili, bibi katikati, jembe limefungwa pembeni.

"Bibi, nishike kiuno, usinionee aibu," kijana wa bodaboda alisema.

"Nilianza kushika viuno vya wanaume kabla baba yako hajazaliwa," bibi alimjibu. "Endesha." Kijana alicheka nusu ya mlima. Mimi nilikuwa nyuma, nimemshikilia bibi mbavuni.

Tulikuta mtunzaji ameshaanza kulima bustani. Kijiji kimemruhusu mwaka huu apande maharage pale, ndiyo asante yao kwake. Alikuwa amemaliza mistari mitatu ya chini, wa nane, wa saba na wa sita, na udongo wake ulikuwa mweusi mbichi. Bibi alimsalimia, akaitikia shikamoo yake, kisha akasema anataka kulima ngoro zake za mwisho mahali alipolima akiwa binti. Mistari miwili inayofuata. Mavuno yatakuwa yake mtunzaji.

"Karibu sana, bibi. Nyasi nitawalazia."

"Nitalaza mimi," nilisema.

"Wewe? Mwanamke alaze nyasi?" Aliacha kuchonga. "Digrii imekufundisha na hilo?"

"Huyu nimemfundisha mimi," bibi alisema.

Mtunzaji alimtazama bibi, akanitazama mimi, akatazama kule kwenye mstari wa nne. Nilidhani atasema kitu. Akasema maji ya kunywa yako mtungini, akaenda zake kwenye mahindi.

Safari hii bibi alishuka. Ilituchukua muda mrefu, ngazi moja, kupumzika, ngazi moja. Aliketi kwenye majani kando ya ngoro ile, kama mtu anayeketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Nikakata nyasi. Nikazilaza vibaya, akanirekebisha kwa ncha ya fimbo: zifunge pembeni, vichwa vitazame chini, usiache pengo. Ukingo wa juu hatukuugusa kwa jembe. Niliuongezea nyasi na udongo juu yake, ukawa mpana. Kingo za pembeni na za chini ndizo nilizozisogeza nje, kidogo kidogo kila upande, mpaka shimo lile likawa sawa na majirani zake. Nilipima kwa futi ile ile. Nilijua ninachofanya. Tulifundishwa chuoni kwamba mtu wa fani yetu haharibu alama, hata jiwe moja halisogezi. Mikono yangu ilipata malengelenge na niliendelea kuiharibu alama ile.

Kabla sijafunika mara ya mwisho, bibi alitoa kwenye mkoba chupa ndogo ya maji. Nilidhani ana kiu.

"Wewe umesoma," alisema. "Niambie. Sasa hivi haina maana tena, si ndiyo? Imepita miaka mingi. Haifai kitu."

Najua ningeweza kujibu nini. Najua kanisa linasema nini juu ya kubatiza waliokwisha kufa, na najua linasema nini siku hizi juu ya watoto waliokufa kabla ya ubatizo, kwamba wameachwa katika huruma ya Mungu. Ningeweza kueleza yote kwa urefu, na mwishoni ningesema huenda. Alikuwa ananitazama, chupa imefunguliwa mkononi mwake, kama lile kopo la siku ile.

"Mwagia, bibi," nilisema.

Akamwaga. Kidogo, mara tatu. Midomo yake ilisema yale maneno, na mahali pa jina alitaja jina ambalo sikuwahi kulisikia kwetu, na ambalo silitaji hapa. Kumbe alikuwa nalo siku zote. Udongo ulinywa maji yale mara moja. Bibi aliinamisha kichwa na kulia bila sauti, mabega tu, na mimi nilisimama na jembe nisijue mikono yangu niiweke wapi. Baadaye akajifuta kwa kanga.

"Panda," alisema. "Pasipopandwa watauliza."

Nikapanda maharage.

Tulilala nyumbani kwa mtunzaji. Jumatano nilimalizia mstari wa tano, ambao ukihesabu kutoka chini ni wa nne. Shimo la tatu humo nililifanya dogo. Nilisogeza kingo ndani, nikazifanya nene. Mtunzaji alipita na ndoo yake, akasimama juu yangu.

"Bibi huyo nilikuwa namwona miaka ile," alisema polepole. "Anakuja, anachimba kidogo, anaondoka. Nilidhani anatafuta dawa." Kisha akasema kingo za mashimo yangu zimepinda, akachukua jembe na kuninyooshea mbili.

Alhamisi saa nne walifika. Mtendaji na ripoti yangu chini ya kwapa, wajumbe wawili, na wageni watatu wenye mashine iliyofungwa kwenye blanketi. Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu, mahali pale pale pa safari ya kwanza. Mtendaji alishangaa kuona mistari imelimwa na kupandwa, akataka kumgombeza mtunzaji.

"Si mlisema nipande?" mtunzaji alijibu. "Shimo lenu dogo lipo. Sijalila."

"Haya, dada msomi," mtendaji alinigeukia. "Kutoka juu au kutoka chini?"

Nilisikia lile neno linapanda kifuani, linataka kutangulia kama kawaida yake. Nililimeza.

"Kutoka chini," nilisema. "Lile pale. La tatu."

Waliwasha mashine, ikapiga kelele kidogo, ikanyamaza. Wakachimba hata hivyo. Walichimba hadi gotini, hadi kiunoni, hadi kifuani, huku jua likipanda, na udongo walioutoa ulikuwa mwekundu mtupu. Hatua chache juu yao ngoro ya mstari wa nne ilikuwa imetulia, sawa na zingine. Mmoja wa wageni alisema elimu ya siku hizi ni hasara tupu, mtu anaandika kurasa tisa juu ya shimo la maharage. Wajumbe walicheka. Mtendaji hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, na nikajua kwamba katika kijiji kile, na pengine wilaya nzima, sitaitwa tena mahali popote kwa ajili ya elimu yangu.

"Sasa sahihisha," aliniambia. Alinipa ripoti na kalamu. "Usije ukatuletea wengine."

Niliiweka juu ya goti, nikafungua ukurasa wa thelathini na moja. Nilikata ile sentensi yote kwa mstari mmoja. Juu yake niliandika, "Hakuna kitu kilichofukiwa hapa," nikatia sahihi. Kisha nikapanda ngazi kwenda kumsaidia bibi asimame.